Kuchagua Fleksipleti Sahihi Unapobadilisha Giaboksi ya Otomatiki

Mlaji anayebadilisha giaboksi ya otomatiki kwa kawaida huandaa fedha za mambo mawili: bei ya giaboksi na ujira wa fundi. Kati ya injini na giaboksi kipo kipuri cha tatu ambacho hutajwa mara chache dukani, nacho ni sahani nyembamba ya chuma iitwayo fleksipleti. Sahani hiyo isipolingana na vitu inavyoviunganisha, giaboksi iliyofika ikiwa nzima yaweza kuharibika siku ileile inapofungwa. Hapo ndipo ugomvi huanza. Muuzaji hudai fundi ndiye aliyeharibu. Fundi hudai giaboksi ilikuwa mbovu tangu ilipotoka kwenye kontena. Na mwenye gari, ambaye hakuwapo wakati bolti zikikazwa, hana la kumjibu yeyote kati yao.

Malalamiko ya aina hiyo hutufikia, na mengi ni magumu kuyaamua kwa sababu ushahidi umekwisha kuuzwa pamoja na vyuma chakavu. Somo hili halikusudii kumfanya msomaji kuwa fundi. Linakusudia kumpa maswali ya kuuliza kabla ya kulipa, vipimo viwili au vitatu ambavyo anaweza kuomba vichukuliwe mbele yake, na vielelezo vya kutunza endapo mambo yataharibika.

Kazi ya sahani hii

Gari la gia za mkono lina flaiwili, gurudumu zito la chuma ambalo hutuliza mzunguko wa injini na ambalo klachi hulibana. Gari la otomatiki halina pedeli ya klachi. Mahali pake pana konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili ambacho hupokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi. Kwa kuwa konveta na oili yake ni nzito, flaiwili nzito haihitajiki tena. Inatosha sahani ya kuiunganisha konveta na injini. Sahani hiyo ndiyo fleksipleti. Katikati yake hufungwa kwa bolti kwenye mkia wa krenki, yaani ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni. Karibu na ukingo wake hufungwa konveta. Ukingoni kabisa kuna meno ambayo stata huyadaka ili kuiwasha injini.

Unene wa sahani ni milimita chache tu, na wembamba huo ni wa makusudi. Konveta hutanuka na kujongea kidogo kadiri joto na shinikizo la oili vinavyobadilika, nayo sahani hunesa ili kuifuata. Jina lake la Kiingereza limetokana na kunesa huko. Toyota katika vitabu vyake huiita draivu pleti, na katika gereji nyingi husikika ikiitwa flaiwili ya otomatiki. Hatuna ugomvi na majina hayo. Tunamwomba tu mlaji asiagize "flaiwili" bila kuongeza neno "otomatiki", kwani anaweza kuletewa ile ya gia za mkono, na mwenye duka hatakuwa amekosea.

Jina la injini halitoshi

Kosa linalojirudia zaidi ni kuamini kwamba injini zenye jina moja hutumia sahani moja. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani, ambako kubadilisha injini na giaboksi ni kazi ya miaka mingi na vipimo vyake vinajulikana sana. Kampuni ya Chevrolet ilitengeneza kwa miongo kadhaa injini ya silinda 8 yenye ukubwa wa inchi za ujazo 350, sawa na lita 5.7. Kwa mtu anayeitazama kwa nje, injini ya mwaka 1980 na ya mwaka 1990 ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kuanzia mwaka 1986 sili ya nyuma ya krenki ilibadilishwa kutoka vipande viwili kuwa kipande kimoja, na mabadiliko hayo yakabadilisha mkia wa krenki wenyewe. Hadi mwaka 1985 duara la bolti za krenki lilikuwa na kipenyo cha inchi 3.58, takriban milimita 91. Kuanzia mwaka 1986 likawa inchi 3.00, takriban milimita 76. Sahani ya mwaka 1985 haiingii kabisa kwenye krenki ya mwaka 1986.

Hilo angalau huonekana kwa macho. Lililo baya zaidi ni uwiano wa uzito. Krenki ya zamani ya injini hiyo ya lita 5.7 ilisawazishwa yenyewe, hivyo sahani yake haikuwa na uzito wa ziada. Krenki mpya ilihitaji sahani iliyochomelewa kipande cha uzito upande mmoja. Na injini ya inchi za ujazo 400 ya familia hiyohiyo ilihitaji sahani yenye uzito wake tofauti, ingawa mkia wake wa krenki ni wa mtindo wa zamani. Sahani ya injini hiyo hufungika vizuri kwenye injini ya 350 ya zamani, bolti zote zikakaa mahali pake, na gari likawaka. Kisha injini hutetemeka, na mtetemo usiosahihishwa hula beringi za krenki. Kwa hiyo msomaji akumbuke kwamba kufungika si ushahidi wa kulingana.

Injini hizo pia zilitumia sahani za saizi mbili: yenye meno 153, ambayo kipenyo chake ni takriban inchi 12.75, na yenye meno 168, takriban inchi 14. Ile ndogo hupokea konveta ambayo bolti zake ziko kwenye duara la inchi 10.75, konveta nyingine za kampuni hiyohiyo hutumia duara la inchi 11.5. Sahani nyingi za meno 168 zilitobolewa matundu ya aina zote mbili. Mnunuzi anayebadilisha sahani ya meno 153 kwa ya meno 168 anabadilisha pia stata, maana stata ya sahani ndogo hukaa karibu zaidi na katikati. Ipo pia giaboksi ambayo gamba lake la mbele, lile lenye umbo la kengele, ni dogo kiasi kwamba sahani kubwa haiingii ndani yake.

Tumelieleza jambo la Chevrolet kwa urefu kwa sababu linaonyesha mahali ambapo hitilafu hujificha. Magari mengi yanayotembea katika barabara zetu ni ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, lakini kanuni ni ileile. Tuchukue injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5. Injini hii imo katika IST ya toleo la kwanza, ambayo kwa kawaida huja na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Imo pia katika Corolla Axio ya toleo la kwanza, ambayo nyingi zake huja na giaboksi ya CVT, ile isiyo na hatua za gia. Mtu akinunua injini ya Axio ili aifunge kwenye IST iliyo na giaboksi yake ya awali, asidhani kwamba sahani iliyokuja na injini ndiyo itakayokubaliana na konveta yake. Huenda ikakubali, huenda isikubali. Kinachoamua ni vipimo na namba ya kipuri, si herufi zilizochorwa kwenye injini.

Kwa ufupi, sahani moja ina mabwana watatu. Krenki huamua duara la matundu ya katikati, tundu la kati na uzito wa kusawazisha. Konveta huamua duara la matundu ya nje, idadi ya bolti na umbali wa sahani kutoka kwenye injini. Stata huamua idadi ya meno na kipenyo. Katika injini kadhaa yuko bwana wa nne, nayo ni sensa inayosoma mzunguko wa krenki kupitia alama zilizo kwenye sahani yenyewe. Sahani ya injini hizo ikibadilishwa kwa isiyo na alama sahihi, stata itazungusha injini bila kuiwasha, na fundi atahangaika na pampu ya petroli na plagi siku nzima.

Kabla ya kulipa

Hatua ya kwanza hufanyika nyumbani, wala haina gharama. Kwenye magari ya Toyota kuna kibati cha utambulisho, mara nyingi kwenye ukuta wa ndani wa boneti au kwenye nguzo ya mlango. Pamoja na namba ya fremu, kibati hicho huonyesha aina ya injini na aina ya giaboksi, ambayo huandikwa kwenye nafasi iliyoandikwa TRANS/AXLE. Kipige picha. Namba ya fremu ndiyo inayomwezesha muuza vipuri kutafuta kipuri halisi katika orodha ya mtengenezaji. Namba za vipuri vya Toyota huwa na sehemu mbili za tarakimu tano, na sehemu ya kwanza hutaja aina ya kipuri. Ya sahani hii ni 32101. Sehemu ya pili hutofautisha sahani moja na nyingine. Mwenye duka akikuonyesha namba inayoanza na tarakimu hizo huku sehemu ya pili ikitofautiana na ile ya gari lako, hajakuonyesha kipuri chako.

Orodha hiyo, hata hivyo, inalijua gari lilivyotoka kiwandani tu. Kama gari limekwisha kubadilishwa injini na mmiliki aliyetangulia, jambo la kawaida sana kwa magari yaliyopita mikono mitatu au minne, kibati kitasema ukweli wa zamani. Kwa gari la namna hiyo tunashauri vipimo vya mkono, navyo havihitaji zaidi ya rula nzuri, kalipa na chaki.

Meno huhesabiwa kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza na kuzunguka hadi kulirudia. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana hurukwa. Tunasisitiza isirukwe, kwa sababu tofauti ya meno machache haionekani kwa macho, ilhali stata huitambua mara ya kwanza tu. Kisha sahani ya zamani hulazwa juu ya ile inayonunuliwa, matundu ya katikati yakiwa yamelingana, na mtu huchungulia matundu ya konveta kama nayo yanalingana yote. Baada ya hapo sahani zote mbili huwekwa juu ya meza tambarare na kutazamwa kwa ubavu. Sahani nyingi hazikunyooka kabisa. Zimebinywa kidogo katikati kama sahani ya chakula, na kina cha mbinyo huo kikitofautiana, konveta itakaa mbele mno au nyuma mno hata kama kila tundu limelingana.

Kwa hiyo tunamsihi mlaji: fundi akifungua giaboksi ya zamani, asiruhusu sahani ya zamani iondoke gereji kabla ya mpya kununuliwa. Aibebe dukani, iwe Gerezani, Ilala au kwingineko. Sahani ya zamani hata ikiwa na ufa ni kipimo bora kuliko maneno ya mtu yeyote.

Wauzaji wengi wa mitumba huuza injini na giaboksi zikiwa bado zimeshikana, pamoja na sahani, konveta na stata yake. Bei huwa juu, na mnunuzi hushawishika kuchukua giaboksi peke yake. Kwa maoni yetu, aliye na uwezo wa kulipa tofauti hiyo hujiondolea maswali karibu yote ya somo hili. Asiyeweza, basi angalau adai konveta iliyotoka kwenye giaboksi hiyohiyo. Konveta iliyookotwa kwenye rundo la konveta ni bahati nasibu.

Ziko pia ishara za kukataa kipuri papo hapo. Usipokee sahani yenye ufa unaozunguka matundu ya katikati, hata ukielezwa kwamba itachomelewa. Joto la kuchomelea huipinda, na ufa hurudi kando ya mshono. Usipokee sahani ambayo matundu yake yamepanuliwa yakawa mviringo-yai ili yafikie bolti za konveta nyingine. Usipokee yenye meno yaliyolika mahali pamoja. Injini ikizimwa huelekea kusimama katika nafasi chache zilezile, na ndiyo sababu meno hulika kwa mafungu. Sahani ya namna hiyo huwaka leo na kukwama kesho. Kupinda nako hupimwa. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa magari yake mengi huruhusu sahani iyumbe isizidi milimita 0.20 inapozungushwa, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona na ambacho fundi hukipima kwa saa ya kupimia.

Kwa anayegeuza gari la gia za mkono kuwa la otomatiki, yapo mawili ya nyongeza. La kwanza ni beringi ndogo ambayo mara nyingi huwa ndani ya mkia wa krenki ya gari la gia za mkono. Isipotolewa, pua ya konveta haitaingia mahali pake. La pili ni bolti. Flaiwili ni nene, na bolti zake ni ndefu. Zikitumika kufunga sahani nyembamba, zinaweza kugota mwisho wa tundu kabla ya kuibana sahani. Fundi ataona zimekaza, kumbe sahani inacheza. Baadhi ya injini huwa pia na washa pana za chuma mbele na nyuma ya sahani; nazo zinunuliwe, maana bila hizo umbali wote hubadilika.

Nafasi ya milimita chache

Sehemu hii ndiyo tungependa isomwe mara mbili, kwa kuwa giaboksi nyingi nzima huharibikia hapa.

Konveta haifungwi kwenye giaboksi kwa bolti. Huchomekwa juu ya mihimili iliyochomoza, na shingo yake huingia ndani ya pampu ya oili ya giaboksi na kuizungusha. Ili iingie kikamilifu, fundi huizungusha huku akiisukuma, nayo hutumbukia kwa hatua mbili au tatu, kila moja ikisikika. Fundi mwenye haraka huridhika na hatua ya kwanza. Giaboksi ikisogezwa kwenye injini katika hali hiyo, hubaki pengo dogo kati ya gamba na injini, na fundi hulifunga kwa kukaza bolti za gamba. Pengo hufungwa kweli, lakini linalosalimu amri ni pampu. Huvunjika kabla gari halijawashwa.

Sahani isiyo sahihi huleta matokeo yaleyale hata konveta ikiwa imeingia kikamilifu. Sahani iliyochomoza kupita kiasi huisukuma konveta nyuma na kuikandamiza pampu. Iliyobonyea kupita kiasi huilazimisha konveta ivutwe mbele mno bolti zinapokazwa, shingo yake ikabaki imeshika pampu kwa ncha tu.

Kipimo cha kuyaepuka yote mawili huchukuliwa kabla ya kuunganisha. Giaboksi ikiwa chini na konveta ikiwa imeingia hadi mwisho, rula nyoofu hulazwa juu ya uso wa gamba, na hupimwa kina kutoka kwenye rula hadi kwenye masikio ya konveta yanayopokea bolti. Kisha kwenye injini hupimwa umbali ambao sahani imechomoza kutoka kwenye uso wa nyuma wa injini. Cha pili kikitolewa katika cha kwanza, jibu ndiyo nafasi itakayokuwapo. Kama kuna bati jembamba linalokaa kati ya injini na gamba, unene wake huongezwa. Kwa giaboksi nyingi za General Motors nafasi inayotakiwa ni inchi 1/8 hadi 3/16, yaani takriban milimita 3 hadi 5. Watengenezaji wengine wana vipimo vyao, na hivyo ndivyo vifuatwe. Jibu likiwa sifuri au chini ya sifuri, kazi isimame hapo. Nafasi ikizidi kidogo, washa za unene sawa huweza kuwekwa kwenye bolti zote za konveta. Zikitofautiana, konveta itazunguka ikiwa imeinama.

Mlaji asiyejua kupima anayo njia nyepesi zaidi. Gamba likishafungwa kwenye injini, na kabla bolti za konveta hazijatiwa, amwombe fundi aingize mkono kupitia dirisha dogo la chini na kuizungusha konveta. Izunguke kwa urahisi, na isogee mbele na nyuma kidogo. Ikiwa imekwama, haijalishi fundi ana uzoefu wa miaka mingapi, giaboksi ishushwe. Ombi hili si dharau kwa fundi. Fundi mzuri hulifanya jambo hilo bila kuombwa, na hafichi.

Mlio unaodanganya

Kuna hasara nyingine ambayo hutokea bila giaboksi kubadilishwa. Sahani ikipata ufa kuzunguka bolti za krenki, hutoa mlio wa kugonga unaofanana sana na wa injini iliyokufa beringi. Mwenye gari huambiwa injini imekwisha, na kwa kuwa mlio ni wa kutisha huamini. Wapo walionunua injini nyingine na kumwachia fundi ya zamani kama chuma chakavu, ilhali kilichokuwa kimevunjika ni sahani.

Dalili inayosaidia kutenganisha ni kwamba mlio wa sahani mara nyingi hubadilika gari linapotolewa kwenye P au N na kuingizwa kwenye D huku likiwa limesimama, kwa sababu mzigo juu ya sahani umebadilika. Dalili hiyo pekee haitoshi kuamua. Lakini kabla ya kukubali injini ifunguliwe, mlaji ana haki ya kutaka kifuniko kidogo cha chini ya gamba kitolewe, bolti za konveta zijaribiwe kwa spana, na sahani imulikwe kwa tochi huku krenki ikizungushwa polepole kwa mkono. Pengine ni bolti moja tu iliyolegea. Ukaguzi huo ni mdogo mno ukilinganishwa na bei ya injini, na gereji inayoukataa bila sababu ya kueleweka imejieleza yenyewe.

Risiti na sahani ya zamani

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, inamlinda mnunuzi anayemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo, pale ambapo bidhaa ni ya aina anayoifanyia biashara. Upo wajibu kwamba bidhaa itafaa kwa kazi iliyotajwa. Ndiyo maana maneno yanayoandikwa kwenye risiti yana uzito mkubwa. Risiti inayosema "flaiwili 1" haisemi lolote. Inayosema "fleksipleti ya otomatiki kwa injini 1NZ-FE na giaboksi ya aina fulani, gari namba ya fremu fulani" imekwisha kutaja kazi. Mashine ya risiti ikishindwa kubeba maneno marefu, mwombe muuzaji aandike maelezo hayo kwenye karatasi ya mauzo, asaini, na apige muhuri wa duka. Namba ya simu ya dalali si risiti.

Sheria hiyohiyo inamtazama mnunuzi pia. Aliyepewa nafasi ya kukagua na akakagua, hawezi kwa urahisi kulalamikia ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Meno yaliyolika yanaonekana dukani; mlaji aliyeyapuuza atakuwa na kazi ngumu. Mbinyo wa sahani unaotofautiana kwa milimita mbili ni jambo jingine.

Madukani huonekana kibao kisemacho bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo hayampi muuzaji ruhusa ya kuuza kitu tofauti na alichokitaja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na aliyesema "hii ndiyo ya gari lako" baada ya kuonyeshwa namba ya fremu amekwisha kutoa kauli inayoweza kupimwa.

Upande wa gereji, mapatano ya awali yaseme nani ananunua sahani. Kama ni fundi, basi kulingana kwake ni jukumu la fundi. Kama ni mwenye gari, fundi aandike kabla ya kufunga kwamba ameilinganisha na ya zamani na amepima nafasi ya konveta, akitaja kipimo alichokipata. Mstari mmoja kwenye karatasi ya kazi unatosha.

Tatizo likitokea, gari lisiendelee kuendeshwa na giaboksi isifunguliwe na fundi wa pili kabla muuzaji na fundi wa kwanza hawajaarifiwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kuja kuona. Itakapofunguliwa, zipigwe picha za uso wa pampu, shingo ya konveta na pande zote mbili za sahani, rula ikiwa imewekwa kando. Anayeleta lalamiko kwetu aje na risiti, karatasi ya kazi, picha ya kibati cha gari, picha hizo, na sahani zote mbili, ya zamani na iliyonunuliwa. Zisisafishwe, alama za kusuguana ndizo zinazoonyesha mahali konveta ilipokuwa imekaa.